Kikapu cha Bibi na Miaka ya Rambo

Bibi alikuwa na kikapu kimoja tu cha ukindu cha kwendea sokoni Tengeru. Mkono ulipokatika alishona kwa kamba ya katani. Kitako kilipotoboka alitia kiraka cha turubai. Mimi nilikionea haya. Nikitumwa dukani hapa Usa River nilikiacha nyumbani, nikarudi na rambo nne: nyanya, dagaa, sukari, vitunguu, kila kitu na rambo yake. Zilitolewa bure, kwa hiyo hakuna aliyezihesabu. Masika ilipofika tuliziona mitaroni.

Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kuwa mwisho wake ni 31 Mei. Rwanda (2008) na Kenya (2017) zilikwisha kututangulia. Wiki ile nilimwomba bibi kikapu. Alicheka sana, akanipa, kwa sharti nikirudishe siku ileile.

Kwetu marufuku iliondoa rambo, ila mazoea ya kwenda sokoni mikono mitupu yalibaki. Mifuko mbadala, ile laini kama kitambaa, mingi ni ya polipropilini, nayo ni plastiki. Mshikio ukichomoka tunanunua mwingine. Nami nimeijaza chini ya kitanda.

Bibi hayupo sasa, kikapu ninacho. Jumamosi mkono umekatika tena, na kwa miaka yangu yote ya shule sijui kushona katani. Nimekipeleka kwa fundi viatu. Amekigeuza, akapapasa kiraka, akauliza nani alikishona.