Kilio na Maziko tangu Zamani za Misioni

Wazee wetu wangali wanakumbuka maziko ya zamani: padri amevaa nguo nyeusi, waimbaji wanaimba Dies irae kwa Kilatini, nao wafiwa wanasikiliza maneno wasiyoyafahamu. Baadaye watu walirudi nyumbani kwenye kilio, na huko ndiko walikosimulia maisha ya marehemu na kuuliza kifo kimetoka wapi. Hivyo mtu mmoja alizikwa kama mara mbili, na padri hakuyasikia maneno ya mara ya pili.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili uliagiza maziko yaonyeshe wazi zaidi fumbo la Pasaka, tena yafuate hali na desturi za kila nchi, hata katika rangi ya mavazi. Kitabu kipya cha maziko kilitoka Roma mwaka 1969. Tena mwaka 1988 Roma ilikubali Misale kwa majimbo ya Zaire, ndilo jina la nchi yetu wakati ule. Katika Misa hiyo, pamoja na watakatifu, huitwa pia wahenga wenye moyo mnyofu. Kwa mama aliyefiwa neno hilo si dogo: babu yake, aliyekufa kabla ya misioni, naye aweza kukumbukwa mbele ya altare.

Lakini kando ya kitanda cha mgonjwa tungali tunanyamaza. Ugonjwa hautajwi, halafu kwenye kilio anatafutwa mchawi, na lawama humwangukia mjane, au hata mtoto. Kumbe mgonjwa mwenyewe mara nyingi amekwisha kujua, naye alikuwa akingoja aulizwe.