Zahabu Nyekundu

Mtu akiwauliza rangi ya zahabu, mtajibu mara moja: ni manjano. Kalisi ya altareni ni shahidi. Lakini zahabu ikigawanywa kuwa chembe ndogo mno ndani ya kioo au maji, huonekana nyekundu. Watu walilitumia jambo hili karne nyingi bila kujua sababu yake.

Mjini London, katika British Museum, kuna kikombe cha kioo cha karne ya 4, kazi ya mafundi wa dola ya Roma. Kinaitwa kikombe cha Lycurgus, jina la mfalme wa hadithi aliyechongwa juu yake, akinaswa na mzabibu. Mwanga ukikipiga kwa nje, ni kijani. Ukiweka taa ndani, kinawaka chekundu. Wataalamu walikuta katika kioo chembe za feza na zahabu, upana wake nanometa 70 hivi. Milimeta moja ni nanometa milioni moja!

Mafundi wa makanisa ya Ulaya nao walikuwa na siri zao. Wengi hudhani wekundu wa madirisha ya zamani ni zahabu. Mara nyingi sivyo, ni shaba. Tangu mwanzo wa karne ya 14 walipaka pia feza juu ya kioo, wakakichoma tanuruni, kikatoka manjano. Kioo chekundu cha zahabu kilipata sifa katika karne ya 17, Johann Kunckel alipokitengeneza huko Potsdam, Ujerumani.

Mwaka 1857 Mwingereza Michael Faraday alitengeneza maji mekundu, akaeleza kwamba rangi ile ni zahabu yenyewe iliyogawanyika mno. Mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie alionyesha sababu kwa hesabu. Mwanga ni wimbi, na ndani ya metali mna elektroni zinazotembea huru. Wimbi likifika huzisukuma huku na huku, kama maji yanavyoyumba katika ndoo ya mtu anayetembea. Hatua zake zikilingana na myumbo wa maji, maji huruka nje. Vivyo hivyo, chembe ya zahabu hulingana na mwanga wa kijani; huushika, na wekundu hupita. Tena, karibu kabisa na chembe, mwanga hukusanyika ukawa na nguvu kupita ule uliofika.

Jambo hili liko hata katika dispensari zetu za Kongo. Mama akileta mtoto mwenye homa, mwuguzi hutia tone la damu katika kipimo cha malaria. Mstari wa kwanza huonyesha kwamba kipimo ni kizima. Wa pili ukitokea, alama ya malaria imepatikana. Katika vipimo vingi vya namna hiyo, wekundu wa mistari si wino, ni chembe za zahabu. Moja haionekani, zikikusanyika nyingi pamoja, kila mwenye macho anaona.

Basi, ndugu, tusiseme tunaijua malaria kwa kugusa paji la mtoto tu. Tumpeleke apimwe mapema. Na tusimdharau fundi wa mikono: yule wa Roma hakujua elektroni, lakini alilitazama tanuru lake kwa uangalifu. Wenye elimu walihitaji miaka 1,500 kueleza alichokiona. Mungu ameficha mengi katika vitu vidogo. Humfunulia yule asiyechoka kutazama na kuuliza.