Kutoka Hamamni Hadi Bafuni Kwa Bibi

Tangu nimalize skuli, kazi yangu ya asubuhi ilikuwa ndoo mbili, kutoka mfereji wa uani hadi ghorofa ya pili kwa bibi. Ngazi za Mji Mkongwe mnazijua: zimesimama kama mnazi. Tangi tunalo darini, lakini bomba la mvua lilidondosha tu. Bibi magoti hayamruhusu kuinamia ndoo, na kuogeshwa hataki.

Ndugu msomaji, huko ndiko nilikoanzia historia. Zamani maji yalipanda nyumba hizi vichwani mwa watu, wengi wao watumwa. Kisha Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akauletea mji maji kwa mifereji kutoka chemchemi za nje. Hamamu yake, iliyoupa mtaa jina la Hamamni, ilifungwa miaka ya 1920. Leo wageni hutazama mabirika makavu. Mimi nilikwenda kutazama jambo jingine: bila pampu ya umeme, maji yale yalifikaje? Yalishuka, basi. Chanzo kilikuwa juu kuliko mji.

Kumbe siri ni kimo. Mita 10 huzaa nguvu ya takriban bar 1. Tangi letu lilikuwa mita moja na nusu juu ya bomba la mvua, yaani bar 0.15. Hayo ni machozi! Fundi akatuuzia tangi la lita 1,000, eti uzito utasukuma. Uongo mtupu, upana hausukumi kitu. Tena lita 1,000 ni tani nzima juu ya boriti za mikoko zilizochoka, na bibi kalala chini yake. Usingizi ulinipaa.

Tukalishusha. Fundi mwingine akaweka la lita 250 kwenye fremu ya chuma iliyokalia kuta nene, si boriti, mita mbili juu zaidi. Bomba la nusu inchi, lililoliwa na kutu, tukabadilisha kwa la inchi moja. Kichwa cha bomba la mvua nikakiloweka kwenye siki usiku kucha, maana maji yetu yana chokaa ya mawe ya matumbawe na matundu yote yalikuwa yameziba.

Bibi aliingia akafunga mlango. Alikaa mpaka nikagonga.

"Bibi, tangi dogo hilo!"

"Niache, mjukuu wangu. Nimesimama."