Ofisi ya Waziri Mkuu: ilitoka wapi, na inajibu kwa nani?

Jina la Primature linasikika sana kwenye radio. Huku Obokote, wenyeji na jamaa zilizokimbia vita wanauliza: kama inchi ina raisi, kazi ya waziri mkuu ni gani?

Ofisi hiyo ilizaliwa pamoja na uhuru. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, iliyotungwa Ubelgiji, ilifuata desturi ya huko: raisi akae mahali pa mfalme, waziri mkuu aongoze serikali. Lakini iliacha pia nafasi ya raisi kuwaondoa mawaziri. Tarehe 5 Septemba 1960, Raisi Kasa-Vubu alitangaza kwenye radio kwamba amemuondoa Patrice Lumumba. Bunge lilikataa. Siku tisa baadaye Kanali Mobutu akawasimamisha wote wawili.

Mobutu alichukua inchi yote mwezi wa Novemba 1965, na mwaka uliofuata akaifuta ofisi hiyo. Mwaka wa 1977 aliirudisha kwa jina lingine, lakini kwa kutekeleza maagizo yake tu. Jina la waziri mkuu lilirudi na mageuzi ya 1990. Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa mwaka wa 1997, aliifuta tena. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ndiyo iliyoisimamisha upya, na Antoine Gizenga akawa wa kwanza. Maniema nayo ilipata zamu yake: Matata Ponyo aliongoza serikali toka 2012 mpaka 2016. Mwaka wa 2024 Judith Suminwa akawa mwanamke wa kwanza.

Leo raisi anamteua waziri mkuu kutoka upande wenye wabunge wengi. Lakini serikali haianzi kazi mbele ya kupata kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote 500. Inaongoza kazi za mawaziri, inatekeleza sheria, na inapeleka budjeti bungeni kila mwaka, mwisho tarehe 15 Septemba. Wabunge wanaweza pia kuiangusha, kama walivyofanya kwa serikali ya Ilunga Ilunkamba, Januari 2021.

Kwa hiyo, barabara ikikatika au msaada wa wakimbizi ukichelewa, katiba imefungua njia: mbunge ana haki ya kumuuliza waziri swali, kwa mdomo ao kwa barua. Mbunge wenu akirudi kuwasalimia, mumuulize: juu yetu, uliuliza nini?