Pangani: Mji wa Mto, Utenzi na Ngoma

Mto Pangani, unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, huingia Bahari ya Hindi penye mji wenye jina hilohilo. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa viliwakutanisha hapo watu wa lugha nyingi. Katika karamu na ngoma za mashindano, wenyeji na wageni waligombea heshima kwa wimbo na kwa ukarimu.

Mwaka 1888 upinzani dhidi ya kampuni ya Kijerumani ulianzia mjini humo. Kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa papo hapo Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivisimulia vita hivyo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Anwani yenyewe ni ushahidi: "Wadachi" ni jina ambalo baadaye lilipisha "Wajerumani", na "kutamalaki", neno la asili ya Kiarabu, latamka wazi kwamba nchi ilifanywa milki ya wengine.

Utenzi huo ulisalia kwa kuwa uliandikwa na kuhifadhiwa, hata J. W. T. Allen akauchapisha mwaka 1955. Nyimbo nyingi za ngoma hazikupata mwandishi. Ndiyo maana historia ya Pangani husikika zaidi kwa sauti ya mwanachuoni kuliko ya mtumwa, manju au mwanamke. Pengo hilo haliwezi kuzibwa maktabani peke yake; sharti wasikilizwe wazee wangali hai.