Maskauti humpimaje mchezaji wa vikapu wa chuo kabla ya drafti?

KWA kawaida mwezi wa Juni, klabu za NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa vikapu nchini Marekani, hugawana wachezaji wapya kwa zamu. Zamu hiyo huitwa drafti, wala haina uhusiano na ule mchezo wa vifuniko vya soda unaowakutanisha wazee na makanga kwenye steji za matatu. Ina raundi mbili. Klabu zilizofanya vibaya msimu uliotangulia ndizo hutangulia kuchagua, ijapokuwa nafasi za mwanzo kabisa huamuliwa kwa bahati nasibu, ili klabu isishawishike kushindwa makusudi. Drafti ya wanawake, ya ligi ya WNBA, hufanywa mwezi wa Aprili na ina raundi tatu.

Anayechaguliwa katika raundi ya kwanza ya NBA huhakikishiwa mshahara wa misimu miwili. Wa raundi ya pili hana hakikisho hilo. Kwa hivyo tofauti kati ya mchezaji nambari 30 na nambari 31 si ya heshima pekee, ni ya riziki.

Kwa mkazi wa Mugutha, kati ya mji wa Ruiru na Juja, mambo hayo yaweza kuonekana ya mbali. Hayako mbali hivyo. Amezungukwa na vyuo vikuu: Zetech huko Ruiru, Jomo Kenyatta (JKUAT) kule Juja, Mount Kenya mjini Thika na Kenyatta pale Kahawa. Kutoka Zetech, Madina Okot alihamia Chuo Kikuu cha Mississippi State mwaka wa 2024. Katika msimu wake wa kwanza Marekani alikuwa na wastani wa zaidi ya pointi 11 na ribaundi 9 kwa mechi, na mwaka wa 2025 akajiunga na South Carolina ya kocha Dawn Staley. Katika msimu wa 2025–26 jina lake lilikuwa limo kwenye orodha za watabiri wa drafti ya WNBA. Vijana wengine warefu wa barabara ya Thika, na wazazi wao, wana haki ya kujua watu hao wanaopima huwa wanaangalia nini hasa.

Kimo, mikono na viatu

Kazi ya skauti huanza uwanjani. Hutazama mechi na mazoezi, huzungumza na makocha wa zamani wa mchezaji, kisha hurudia filamu za mechi mpaka azijue kwa moyo. Mwezi wa Mei, wachezaji kadhaa walioalikwa hukusanywa Chicago kwa vipimo vya pamoja: kimo, uzani, urefu wa mikono ikiwa imenyooshwa kando, mkono unakofika mchezaji akiwa amesimama, mruko, na kasi ya kugeuka. Madaktari nao huchunguza moyo, magoti na mgongo, na klabu huwahoji vijana faraghani.

Mikono hupewa uzito kuliko kimo chenyewe, kwa sababu anayezuia mpira huuzuia kwa kiganja, si kwa utosi. Kimo pia kilikuwa na udanganyifu wa miaka mingi. Wachezaji walipimwa na viatu, wengine wakaongezewa inchi moja ya hisani, hadi mwaka wa 2019 NBA ilipoziagiza klabu zithibitishe vimo bila viatu. Wengi waliamka wakiwa wafupi zaidi.

Baada ya mwili huja takwimu, na hapa ndipo penye mitego. Mchezaji anayefunga pointi 8 kwa dakika 16 ana kasi ile ile ya anayefunga 20 kwa dakika 40, ila magazeti humsifu wa pili tu. Ndiyo maana wachunguzi hupiga hesabu zote kwa kiwango cha dakika 40, ambazo ni urefu wa mechi ya chuo. Kisha huuliza pointi hizo zilifungwa dhidi ya nani. Huangalia pia mitupo ya adhabu. Mchezaji huitupa akiwa peke yake, bila wa kumzonga, na kwa hivyo huonyesha vizuri zaidi kama mkono wake utakuja kuwa wa kufunga kutoka mbali. Mwisho huangalia umri. Pointi 15 za kijana wa miaka 19 zina thamani kubwa kuliko pointi 15 za mtu wa miaka 22 anayecheza na wadogo zake.

Nambari mbili kutoka Dar es Salaam

Katika Afrika Mashariki hakuna mfano unaoeleza jambo hili vizuri kuliko Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1987 na akaanza kucheza vikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, wakati ambapo vijana wa Marekani huwa tayari wameucheza mchezo huo miaka kumi. Alimalizia sekondari mjini Houston, na mwaka wa 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut kilichokuwa chini ya kocha Jim Calhoun. Kimo chake kiliandikwa kuwa futi 7 na inchi 3, yaani takriban mita 2.21.

Maendeleo yake yalikuwa ya kushangaza. Wastani wake ulipanda kutoka pointi 6.2 kwa mechi katika msimu wa kwanza hadi 10.5, kisha 13.6. Katika msimu huo wa tatu, 2008–09, alidaka ribaundi 10.8 na kuzima mitupo 4.2 kwa mechi. Alitajwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East miaka miwili mfululizo, na mwaka wa 2009 akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Connecticut ilifika nusu fainali ya taifa.

Mnamo Juni 25, 2009, klabu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin peke yake. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. James Harden alichaguliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba na DeMar DeRozan wa tisa.

Mnamo Februari 2010, kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha, Memphis walimpeleka katika ligi ya chini akachezee Dakota Wizards. Hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu hivyo aliyewahi kushushwa huko. Mwaka uliofuata aliuzwa Houston, akapitia Portland, kisha Oklahoma City, na kufikia mwaka wa 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imefika kikomo. Alicheza mechi 224, kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Baadaye aliendelea na mchezo huko Japan na Taiwan.

Ni rahisi leo kuwacheka Memphis, na wengi wamefanya hivyo. Lakini takwimu zake hazikuwa za uongo. Mitupo ile aliizima kweli. Kosa lilikuwa katika kuzisoma kana kwamba zingehama pamoja naye bila kupungua, hali ishara za onyo zilikuwa wazi.

Ya kwanza ni ya sheria. Katika mchezo wa vyuo, mlinzi mrefu anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu chake muda apendao na kumsubiri mshambuliaji kama bawabu langoni. NBA ilikataza jambo hilo mwaka wa 2001: mlinzi asiyemkaba mtu karibu naye haruhusiwi kukaa eneo hilo kwa zaidi ya sekunde tatu. Eneo lenyewe pia ni pana zaidi, mita 4.88 likilinganishwa na mita 3.66 za vyuo. Tena mstari wa pointi tatu wa NBA uko hadi mita 7.24 kutoka kikapuni, ilhali ule wa vyuo msimu wa 2008–09 ulikuwa mita 6.32. Wapinzani wakitawanyika hivyo, mlinzi hulazimika kutoka nje na kuwafuata kwa miguu. Kipaji kikubwa cha Thabeet kilikuwa cha kusimama mahali pamoja na kunyoosha mkono.

Ya pili ilikuwa katika safu ya takwimu ambayo watu wachache huisoma. Pasi zake za kufungisha hazikufika hata moja kwa mechi. Mchezaji mrefu asiyetoa pasi mara nyingi huwa bado anautafuta mpira kwa macho wakati wenzake wameshajua unakokwenda. Hilo halimaanishi kwamba hana akili. Ni miaka ya kucheza iliyokosekana.

Ya tatu ilionekana na kila mtu. Februari 16, 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut ilikuwa timu nambari moja nchini. Blair, ambaye kimo chake kiliandikwa futi 6 na inchi 7, alifunga pointi 22 na kudaka ribaundi 23. Thabeet aliambulia pointi 5 na ribaundi 4, na wakati mmoja Blair alimbeba begani na kumwangusha chini. Pittsburgh ikashinda 76–68. Mtu mfupi kwa karibu sentimita 20 alikuwa ameonyesha kwamba nguvu za miguu na nyonga hazikuwepo, na katika NBA kina Blair ni wengi.

Hata hivyo, Blair mwenyewe hakunufaika na usiku huo. Madaktari walipoona magoti yake hayana kano muhimu za mbele, klabu moja baada ya nyingine ikamruka, hadi San Antonio ilipomchukua nambari 37. Aliicheza misimu minne klabu hiyo. Naye Curry alishukiwa kwa sababu zilizo kinyume na za Thabeet: mwembamba, mfupi, anatoka chuo kidogo cha Davidson. Aliongoza vyuo vyote kwa kufunga msimu huo, wastani wa pointi 28.6, na bado timu tano zilimpita.

Liko pia swali la klabu anakokwenda mchezaji. Memphis walikuwa na Marc Gasol katika nafasi ile ile ya senta, na wiki chache baada ya drafti wakamleta Zach Randolph. Kijana aliyehitaji dakika nyingi za kujifunza akapewa wastani wa dakika 13 kwa mechi. Skauti hawezi kulaumiwa kwa hilo. Wenye klabu wanaweza.

Waliochelewa kuanza

Suala la kuchelewa ndilo linaloigusa zaidi kanda hii. Okot, kama Thabeet, aliujua mpira wa vikapu akiwa tayari sekondari, na kimo chake cha futi 6 na inchi 6 ndicho kilichomfungulia mlango wa kwanza. Mchezaji wa namna hiyo hupimwa kwa jinsi anavyobadilika kutoka msimu hadi msimu kuliko kwa alipo leo. Wachunguzi hutaka kuona kama mikono inadaka pasi ngumu, kama makosa ya mwaka jana yamepungua, kama anatumia mkono wa kushoto, na kama bado anacheza vizuri anapochoka. Skauti mwangalifu akiona pointi zimepanda huku makosa yakibaki yale yale, huandika alama ya kuuliza.

Wako walioinuliwa na siku moja. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, hakupitia chuo. Aprili 2011, katika mechi ya vijana ya Nike Hoop Summit mjini Portland, alipata pointi 12, ribaundi 11 na kuzima mitupo 10, akachaguliwa wa saba miezi miwili baadaye. Alidumu NBA zaidi ya miaka kumi kama mlinzi, ingawa ufungaji haukuwahi kuwa kazi yake. Jonathan Kuminga wa Goma naye alichaguliwa wa saba mwaka wa 2021, akitokea timu ya vijana ya G League badala ya chuo.

Wala drafti si mlango pekee. Tylor Ongwae hakuwahi kuchaguliwa, bali alijitafutia kazi Ulaya. Februari 2021 mjini Yaoundé, mtupo wake wa mwisho uliipa Kenya ushindi wa 74–73 dhidi ya Angola na kuirudisha katika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Kwa mchezaji wa Ruiru au Thika, kikwazo cha kwanza hakihusiani na mruko wala mikono. Karatasi rasmi ya mechi inayojazwa mezani, kwa kanuni za FIBA zinazotumika Kenya, huandika pointi na makosa ya wachezaji. Haiandiki ribaundi, pasi za kufungisha wala mitupo iliyozimwa. Msichana anayedaka ribaundi 15 Jumamosi huamka Jumapili bila ushahidi wowote, isipokuwa mtu alikaa kando akahesabu. Filamu pia ni haba, na mara nyingi ni vipande vya dakika mbili vilivyochaguliwa na rafiki, vyenye mipira iliyoingia peke yake. Maskauti huviangalia kwa shaka. Wanachoomba ni mechi nzima, kamera ikiwa imewekwa juu katikati ya uwanja, pamoja na nambari ya jezi, kimo kilichopimwa bila viatu, na tarehe ya kuzaliwa inayolingana na cheti.