Ruoth, Chifu na Rais: Mamlaka ya Mkuu wa Serikali kwa Mtazamo wa Nyanza Kusini

Neno waziri limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na aghalabu wanazuoni hulihusisha na mzizi wenye maana ya mzigo: waziri ni yule ambebeaye mwingine mzigo wake. Neno rais nalo, ambalo limetoka lugha hiyo hiyo, asili yake ni kichwa. Nchini Kenya, kati ya tarehe 1 Juni 1963 na tarehe 12 Desemba 1964, mtu mmoja, Jomo Kenyatta, alitoka katika neno la kwanza akaingia katika la pili. Mswada wa katiba uliomvusha uliongozwa Bungeni na Tom Mboya, Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba, ambaye jadi yake ni kisiwa cha Rusinga, katika iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini. Wilaya hiyo ndiyo iliyozaa kaunti za leo za Homa Bay na Migori. Ni jambo la kustahili kuchunguzwa kwamba hoja iliyotumiwa kuunganisha heshima ya Mkuu wa Dola na mamlaka ya mkuu wa serikali ilikuwa hoja ya mila, ilhali mila za wilaya hiyo hazikubaliani nayo.

Hoja yenyewe ilielezwa kwa namna moja Tanganyika mwaka 1962 na Kenya mwaka 1964. Ilidaiwa kuwa Mwafrika hamjui kiongozi aliye na heshima bila nguvu, wala mwenye nguvu bila heshima. Kwamba kumgawa mkuu katika watu wawili, mmoja wa kupigiwa saluti na mwingine wa kutawala, ni desturi ya Waingereza iliyotokana na historia yao na wafalme wao. Kwa sehemu hoja hiyo ni ya kweli. Katika miezi kumi na miwili ya kwanza ya uhuru, Mkuu wa Dola ya Kenya alikuwa Malkia Elizabeth, akiwakilishwa Nairobi na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald, na si rahisi kumweleza mkulima wa Karachuonyo au wa Awendo kwa nini nchi iliyokwisha kujitawala iwe bado na Malkia. Lakini kumwondoa Malkia ni jambo moja, na kumpa mtu mmoja yote yaliyobaki ni jambo jingine.

Wajaluo wa Nyanza Kusini hawakuwa na dola moja. Kila oganda, kama vile Kanyamwa, Karachuonyo, Kanyamkago au Sakwa, ilikuwa na ruoth wake. Ruoth alisikiliza kesi, aliongoza mashauri ya vita na ya amani, na alitarajiwa kuwa mkarimu, kwani boma lisilolisha wageni halikuwa na sauti. Hata hivyo alitawala pamoja na jodongo, yaani wazee wa koo, na neno lake peke yake halikutosha pale ambapo wazee hao walilikataa. Zaidi ya hayo, ukoo uliochoshwa naye uliweza kufunga mizigo na kuhamia kwingine. Historia nzima ya kusambaa kwa Wajaluo kusini mwa Ghuba ya Winam imejaa mafarakano na uhamaji wa namna hiyo, na ardhi ilipokuwa bado tele, miguu ya watu ilikuwa kipingamizi cha kutosha kwa mtawala.

Wakuria, ambao nchi yao sasa imo katika Kaunti ya Migori, hawakuwa hata na ruoth. Mambo yao yaliamuliwa katika baraza la wazi liitwalo iritongo, na yale ya ndani zaidi na wazee wa inchama, ambao vikao vyao vilikuwa vya siri. Mtu atafutaye huko kiongozi mmoja mwenye heshima na nguvu pamoja hatampata.

Atampata baada ya mwaka 1902. Mwaka huo serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya wakuu wa vijiji, na sheria zilizofuata mwaka 1912 na mwaka 1937 zikaongeza uwezo wao. Chifu alipewa kukusanya kodi, kutoa watu wa kazi, kukataza pombe na kuamuru mashamba yalimwe. Wengine walikuwa watu wenye sifa tayari. Gor Mahia wa Kanyamwa, mganga mwenye kuogopwa ambaye jina lake lilikuja kupewa timu ya kandanda mwaka 1968, alitambuliwa na Waingereza kuwa chifu. Kwa Wakuria, kwa upande mwingine, chifu alikuwa kiumbe kipya kabisa. Lakini kwa wote wawili jambo moja lilikuwa sawa: aliyeweza kumwondoa chifu alikuwa Bwana Wilaya. Jodongo waliweza kunung'unika tu.

Hapa lugha ilificha mengi. Katika Dholuo, chifu huyo aliendelea kuitwa ruoth, na Wakristo wakalitumia neno hilo hilo kwa Bwana Mungu. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Nyanza Kusini katika miaka ya 1930 alilirithi neno la kale likiwa na maana mpya, na angeweza kuamini kwa dhati kwamba babu zake walitawaliwa hivyo daima. Yamkini mila iliyotajwa mwaka 1964 ilikuwa mila ya umri wa miaka sitini.

Waziri Mkuu wa mwaka 1963 alikuwa amezungukwa na mipaka mingi. Alishika cheo kwa kuwa na wingi katika Baraza la Wawakilishi. Alikuwa na Seneti ya watu 41 mbele yake. Na majimbo saba, Nyanza likiwa mojawapo, yalikuwa na mabaraza yao. Chama cha KADU, kilichoipigania katiba hiyo ya majimbo, kilijivunja Novemba 1964. Hapo hapakubaki wa kupinga, na mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri.

Ni haki kusema kwamba mpango wa Mboya haukuwa wa kumwachia Rais huru kabisa. Rais alipaswa kuwa mbunge, na Bunge liliweza kupiga kura ya kutokuwa na imani naye. Ila kura hiyo ikipita, Rais asipojiuzulu, Bunge lenyewe lilivunjika. Mbunge aliyetaka kumwangusha mkuu wa serikali alipaswa kuwa tayari kurudi nyumbani kuomba kura upya. Hakuna aliyewahi kulijaribu kwa mafanikio.

Kiti hicho kilimgeukia mjenzi wake upesi. Mwaka 1968, afya ya Kenyatta ilipotia shaka, katiba ilirekebishwa juu ya urithi wa urais. Wanahistoria wameeleza kwamba pendekezo la awali lilitaka mgombea awe ametimiza miaka 40. Mboya alikuwa na miaka 37. Mwishowe umri uliwekwa kuwa 35. Tarehe 5 Julai 1969 aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, akazikwa Rusinga.

Cheo cha Waziri Mkuu kilirudi kwa Mapatano ya Kitaifa ya tarehe 28 Februari 2008, na Raila Odinga akaapishwa mwezi Aprili. Dalmas Otieno wa Rongo na Otieno Kajwang' wa Mbita waliingia katika baraza hilo la mawaziri. Sheria ilimpa Waziri Mkuu kazi ya kuratibu na kusimamia shughuli za serikali, bila kusema nini kitatokea Rais akikataa. Jibu lilipatikana Februari 2010, Odinga alipowasimamisha kazi mawaziri wawili na Rais Kibaki akaitangua amri hiyo siku hiyo hiyo. Mbeba mzigo hakuwa na mamlaka juu ya mzigo.

Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ilikifuta cheo hicho kuanzia uchaguzi wa mwaka 2013, ikamwacha Rais kuwa Mkuu wa Dola na wa serikali pia, lakini nje ya Bunge na chini ya uwezekano wa kuondolewa nalo. Kadhalika ilishusha swali lile lile chini, kwa kuweka serikali za kaunti 47, kila moja ikiongozwa na gavana. Gavana anaweza kushtakiwa na baraza la kaunti na kuhukumiwa na Seneti, na uchaguzi wake unaweza kupingwa mahakamani, kama ule wa Cyprian Awiti wa Homa Bay wa mwaka 2017, ambao ulitanguliwa na mahakama mbili kabla ya Mahakama ya Juu kuuthibitisha mwaka 2019. Huko Migori, wajumbe wa wadi za Wajaluo na za Wakuria hukaa katika baraza moja kumhoji gavana mmoja. Jambo hilo halikuwahi kutokea enzi za ruoth na inchama, wala Bwana Wilaya hakulitamani.